Mashine inawaka vizuri ufukweni, ukikoleza mwendo inazima: maji kwenye tenki la boti

MwanaKilindoni (mleta uzi)

Assalam alaykum, na habari za saa hizi kwa wote.

Naandika kutoka Kilindoni, Mafia. Nina boti ya faiba ya futi 24, mashine HP 60 ya stroki nne, na tenki la kudumu la lita 100 chini ya sakafu, upande wa nyuma. Kazi yake kubwa ni kupeleka wageni kumwangalia papa potwe, msimu unaoanza Oktoba na kuelekea Machi. Masika ikiingia naipandisha juu, chini ya mkungu, inalala hapo mpaka kusi litulie.

Mwaka huu niliipandisha Aprili ikiwa na lita kama 45 tenkini. Sikuzitoa. Lita 45 ni zaidi ya laki moja, nikaona zitanisubiri.

Oktoba tulipoishusha iliwaka mara ya pili tu kupiga stati. Nikaongeza lita 20 mpya, tukapakia wageni sita. Bandarini mashine inanguruma vizuri kabisa. Nilipokoleza mwendo na pua ikainuka, hazikupita dakika mbili: ikakohoa, ikatetemeka, kimya. Napiga stati, inawaka. Nikienda polepole inakwenda, nikikoleza inakufa. Tukarudi tukijikokota.

Fundi alikuja akabadilisha plagi, akapuliza filta, akasema petroli ilikuwa imelala tu na hii mpya itaisukuma. Nilimwamini, kwa sababu aliiwasha pale pale ufukweni ikadumu nusu saa bila kukatika.

Siku ya tatu ikazima tena, na safari hii haikuwaka kabisa. Ilikuwa bamvua, maji yanatoka kwa kasi, na ndani tuna watoto wawili. Nanga ndiyo iliyotuokoa. Tulikuwa kwenye kina cha pima sita hivi, kamba ilitosha, ikashika. Tulikaa juani saa moja na nusu mpaka wavuvi wakatupitia na kutufunga kamba. Mama wa wale watoto hakunisema neno. Aliwashika tu mikono, mmoja huku mmoja huku, muda wote ule. Usiku sikulala, na asubuhi nikaamua sitaishusha tena kabla sijaelewa kitu gani hasa kinaendelea ndani ya lile tenki.

Nilichokielewa ndicho kilichonifanya nifungue uzi huu.

Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo yanalala chini. Tenki langu lina urefu wa sentimita 100, upana 50, kimo 20. Bomba la kuvutia mafuta linaishia kama sentimita 2 juu ya sakafu ya tenki, upande wa nyuma. Nilikuja kukuta lita 4 za maji. Boti ikiwa imetulia sawasawa, lita 4 kwenye sakafu ya ukubwa huo zinafanya kina cha milimita 8 tu. Bomba haliyagusi. Mashine inakunywa petroli safi, inawaka, fundi anaridhika, na wewe unaridhika.

Sasa koleza mwendo. Pua ikiinuka nyuzi 5 tu, maji yote yanakimbilia nyuma na kina chake pale kwenye bomba kinafika karibu sentimita 4. Bomba limezama. Ndiyo maana inazima ukikoleza, na ukipunguza inakubali tena. Ndiyo maana pia kuijaribu ufukweni hakukuonyesha chochote. Jambo hili laiti ningelijua siku ya kwanza, wale watoto wasingelikaa juani.

Kutoa nilitoa hivi. Nilisubiri maji yapwe boti ikae mchangani, nikachimba kidogo nyuma ili ishuke upande huo, nikaiacha usiku kucha bila mtu kuigusa. Asubuhi nikatoa betri, nikafungua vifuniko vyote vya sakafu upepo upite. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka na kujaa kwenye ngama, yaani chini kabisa ndani ya boti, usiuone, na cheche moja inatosha. Simu niliziacha nyumbani, sigara hakuna. Nikafunga mpira kwenye ufito ili ncha ifike chini kabisa kwenye kona ya nyuma, nikavuta kwa ule mpira wa kufinya wa mashine, ambao una valvu zake. Sikuvuta kwa mdomo.

Nilikinga kwenye dumu lililowekwa chini ardhini, na kila baada ya muda najaza chupa moja ya kuangalia. Chupa ya kwanza ilikuwa maji matupu yenye rangi ya kutu na vijichembe. Ya pili ilikuwa na mstari katikati, umenyooka kama umechorwa kwa rula: chini maji, juu petroli. Ya tatu haikuwa na mstari, lakini ilikuwa na ukungu kama maji yaliyotiwa tone la maziwa. Kuanzia ya nne ikawa angavu, ila rangi imekolea kama chai ya rangi na inanuka vanishi. Kwa kuhakikisha nilidondosha rangi ya chakula ndani ya ile ya nne. Matone yakashuka kama shanga nyekundu mpaka chini, yakakaa pale bila kuenea. Petroli haiipokei rangi hiyo, maji huipokea papo hapo. Kama kungekuwa na maji, chini kungekuwa kumeenea wekundu.

Jumla nilitoa lita 4 za maji, lita kama 8 zenye ukungu na lita 30 zilizo angavu lakini kuukuu.

Baada ya hapo nikauliza swali ambalo ningeanza nalo: yameingilia wapi? Nilitandaza matone ya yale maji juu ya kipande cha kioo yakauke. Hapakubaki chumvi. Basi si ya bahari, ni ya mvua. Nikarudi kwenye mfuniko wa kujazia mafuta, ambao uko usawa wa sitaha. Oringi yake, ile pete ya mpira ya kuzibia, imekauka na kupasuka sehemu mbili. Matundu ya kutolea maji sitahani yalizibwa na majani ya mkungu, kwa hiyo masika yote kulikuwa na dimbwi limekaa juu ya mfuniko likinyonywa taratibu. Kila jua likitua tenki linapoa, hewa ya ndani inasinyaa, linavuta. Lingevuta hewa kupitia kwenye tundu lake la hewa, lakini tundu nalo lilikuwa limejengwa na nyigu.

Yaani kila tulichofanya kwanza, plagi, filta, mafuta mapya, hakikugusa chanzo. Mvua ya vuli ingeingia hapo hapo.

Nimebadilisha oringi, nimezibua tundu na kuliwekea wavu mdogo, na nimefunga filta ya kutenganisha maji yenye kikombe angavu kati ya tenki na mashine. Fundi mwingine alimwaga kile kijitenki cha mashine kilicho kabla ya nozeli na kubadilisha filta yake. Mashine nyingi za stroki nne zina kikombe kidogo chenye pete nyekundu ndani: pete ikielea, maji yamo. Yangu ilikuwa imeelea. Hakuna aliyewahi kunionyesha nikatazame pale.

Naomba wenye uzoefu mnirekebishe nilipokosea, na mnishauri kuhusu zile lita 30.

MvuviWaMwarongo

Mkuu pole, na shukrani kwa kuandika kwa kina. Hiyo hesabu ya pua kuinuka nimeisoma mara mbili. Boti yangu nayo ilikuwa na tabia hiyo hiyo, nikauza mashine kwa bei ya kutupa nikidhani imechoka.

Swali: sisi wa mashine za stroki mbili tunachanganya oili kwenye petroli, rangi inakuwa ya oili. Hapo maji utayaonaje?

MwanaKilindoni

Pole na wewe kaka. Mstari unaonekana vile vile, kwa sababu oili inakwenda na petroli, haiendi na maji. Tenki la lita 24, kwa kipimo cha petroli 50 kwa oili 1, linachukua kama mililita 480 za oili tu, haizuii kuona. Tia kwenye chupa angavu, iache itulie nusu saa, iinue ielekee juani. Kama kuna maji, chini kutakuwa na tabaka lisilo na rangi ya oili. Kwako ni rahisi zaidi kuliko kwangu.

FundiStroki

Naongeza kwa huyu wa stroki mbili. Mafuta yaliyokwisha kuchanganywa yanaharibika upesi. Yakikaa miezi, vile vyepesi vya petroli vinaruka, oili inabaki, kwa hiyo kipimo unachodhani ni 50 kwa 1 si hicho tena. Plagi zitakuwa zinajaa masizi na utahangaika bure. Changanya ya safari mbili tatu tu. Na mchanganyiko uliobaki usitie kwenye stroki nne.

Kabureta ikishaingia maji ya chumvi usiiache mpaka kesho. Fungua skrubu ya chini ya bakuli, mwaga, osha kwa petroli safi, puliza jeti, kile kitundu chembamba kinachopitisha petroli. Nimefungua kabureta zilizokaa wiki mbili tu na maji ya bahari, ndani kuna unga mweupe na jeti imeziba kabisa.

JahaziLamu

Salaam kutoka Lamu. Nyote mwazungumza petroli, nami nitie ya dizeli, maana jahazi letu lina injini ya dizeli na tuliyoyaona ni mengine.

Dizeli na maji hazitengani upesi kama petroli. Uzito wake umekaribiana zaidi na wa maji, na matone madogo huelea ndani siku nzima na zaidi. Kwa hiyo usiku mmoja wa kutulia huenda usitoshe. Pili, pale maji na dizeli zinapokutana huota viumbe vidogo, kuvu na bakteria, wanaoishi ndani ya maji na kula mafuta. Tulifungua tenki tukakuta utando mweusi, unateleza, unavutika kama kamasi, na harufu yake kama mayai yaliyooza. Ule ndio uliokuwa ukiziba filta kila siku ya pili. Tulibadilisha filta tano kabla ya mtu kusema tufungue tenki.

Dawa ya kuua hao viumbe ipo, lakini ukiitia bila kutoa maji na kusugua tenki, wafu wanaziba filta kuliko walio hai. Sisi tulitoa mafuta yote, tukaingiza mkono kwenye kidirisha cha tenki, tukasugua, tukapangusa kwa matambara yasiyotoa nyuzi, kisha dawa kwa kipimo cha kwenye chupa. Na ukimaliza usisahau kutoa hewa kwenye mfumo: legeza nati ya filta, piga ile pampu ndogo ya mkono mpaka mapovu yaishe, kisha kwenye nozeli. La sivyo utapiga stati mpaka betri life.

Nozeli za dizeli haziyataki maji hata kidogo. Dizeli yenyewe ndiyo inayolainisha pampu na nozeli. Maji yakipita, chuma kinasuguana na chuma.

Kijana wa Msasani

Mbona mnajitesa? Tia spiriti ndani ya tenki, inakamata maji, yanaungua pamoja na petroli, kwisha habari. Baba yangu alikuwa anafanya hivyo kwenye gari.

FundiStroki

Kwenye gari lenye kijiko kimoja cha maji inaweza kusaidia. Mwenzetu alikuwa na lita 4. Spiriti inachukua maji kidogo mno kabla ya kushindwa, na ikishindwa inashuka chini pamoja na maji yenyewe. Sasa una tabaka kubwa zaidi chini kuliko ulilokuwa nalo. Na kama ni maji ya bahari, chumvi haiungui, inabaki ndani ya mashine.

MtuWaMbambaBay

Hilo la spiriti sisi wa Ziwa Nyasa tunalijua kwa njia nyingine. Malawi wanachanganya ethanoli, yaani spiriti ya miwa, kwenye petroli tangu 1982. Nikivuka Nkhata Bay najaza huko. Petroli yenye ethanoli inavumilia maji kiasi bila kuonyesha chochote, chupa inabaki angavu, halafu siku moja ikizidiwa inatengana ghafla. Ikiwa na asilimia 10 ya ethanoli, mililita 5 hivi za maji kwa lita zinatosha. Hapo ethanoli inashuka na maji, na petroli iliyobaki juu imepungua nguvu, kwa hiyo hata ukitoa maji yote haijarudi kuwa ile uliyonunua. Ya aina hiyo usiihangaikie.

MuuguziPwani

Mimi si mtu wa boti, ni muuguzi wa zahanati moja ya pwani. Nimeingia kwenye uzi huu kwa sababu ya ile sentensi ya mleta uzi kwamba hakuvuta kwa mdomo. Mungu akubariki kwa hilo.

Tunaletewa vijana waliovuta petroli kwa mpira. Hatari kubwa si tumbo, ni mapafu. Tone likiteleza kwenda njia ya hewa linaunguza mapafu, na mtu anaweza kuonekana mzima saa chache za mwanzo kisha akaanza kuhema. Akimeza, tafadhali msimtapishe. Akitapika, yale mafuta yanapita tena kooni na nafasi ya kuingia mapafuni inakuwa kubwa zaidi. Na maziwa msimpe, najua ni desturi yetu, lakini hayaondoi petroli na yanaweza kumtapisha. Mvueni nguo zilizolowa, muosheni ngozi kwa maji na sabuni, mleteni. Akikohoa hata kidogo mleteni upesi.

MvuviWaMwarongo

Dada ahsante sana. Nimevuta kwa mdomo miaka yote. Leo nanunua mpira wa kufinya.

BintiKilifi

Nami niseme kuhusu jerikeni. Mimi nina mashua mbili za watu wa kuvua, na mara mbili maji yalitoka kwenye jerikeni yenyewe. Kijana ameiosha kwa maji akaifunga ikiwa bado ina unyevu. Au imesimama nje usiku, mvua imetuama pale kwenye shingo juu ya mfuniko, asubuhi akifungua inaingia yote. Sasa nawaambia: inamisha kwanza, pangusa, ndipo ufungue. Na jerikeni ya mafuta haibebi maji kamwe, nimezipaka alama nyekundu.

Kuchuja kwa fulana kunazuia uchafu tu, maji yanapita. Kuna faneli zenye wavu maalumu ambao petroli inapita na maji yanabaki. Nimeinunua, na mara ya kwanza tu ikaniachia maji kama vijiko viwili. Usiimalizie mpaka tone la mwisho, yale ya chini ya faneli mwaga pembeni kwenye kopo.

Kijana wa Msasani

Nimekubali la spiriti, wakuu. Sasa zile lita 30 kuukuu anafanyaje? Kwenye bodaboda si zitaenda?

FundiStroki

Kama ni angavu, zimetulia siku mbili na chupa haina mstari, unaweza kuchanganya lita 1 ya zamani na 5 mpya ukatumia nchi kavu. Bodaboda ikizima, dereva anashuka anasukuma. Baharini hakuna pa kushukia. Ikiwa imekuwa nzito, imekolea sana au inaacha gundi kwenye vidole, hata bodaboda usiitie, utaziba kabureta.

Na niombe jambo moja kwa herufi kubwa. PETROLI KUUKUU USITIE KWENYE JIKO LA MAFUTA YA TAA WALA KOROBOI. Haijawa mafuta ya taa kwa sababu imezeeka. Inalipuka vile vile.

MwanaKilindoni

Wakuu nashukuru mno, nimejifunza kuliko nilivyotarajia.

Lita 30 nimefanya kama alivyosema FundiStroki, zinaendesha pampu ya kumwagilia ya shemeji yangu shambani, 1 kwa 5. Bado zipo 20 hivi kwenye madumu, yamefungwa vizuri, kivulini, mbali na nyumba.

Zile 8 za ukungu na lita 4 za maji nilishauriwa na mtu nimwage mchangani usiku maji yanapojaa. Sikuweza. Ufukwe huo ndio akina mama wanaokwenda na vijiti vyao kutafuta pweza maji yakipwa, na ndipo wanangu wanapoogelea. Nimezitia kwenye pipa la chuma lenye mfuniko, na gereji moja inayokusanya oili chafu imekubali kuzichukua pamoja na za kwao. Anayezibeba awe na kibali cha mamlaka ya serikali ya mazingira, ulizeni kabla hamjamkabidhi. Kwa ndugu wa Kenya ni NEMA.

Msimu ujao nikipandisha boti natoa petroli yote, tenki linalala tupu na kavu. Ndugu wa Lamu, wewe dizeli unaiachaje?

JahaziLamu

Dizeli sisi twajaza pomoni, isibaki nafasi ya hewa yenye unyevu kugeuka matone kwenye kuta za tenki, na twatia dawa kidogo. Tena kila mwezi mtu mmoja hupanda jahazini kufungua kikombe cha filta, hata kama halitembei.

BintiKilifi

MwanaKilindoni, wageni wale wenye watoto waliwahi kurudi?

MwanaKilindoni

Walirudi dada. Nilikwenda kwenye nyumba ya wageni walikofikia, nikawarudishia fedha yao na kuwaeleza nilichokuta, nikawaonyesha na zile chupa nne. Mama akaishika ile ya pili, yenye mstari, akaitazama kitambo. Keshokutwa yake tukatoka. Kabla ya kupandisha nanga nilimwita yule mtoto mkubwa nyuma nikamwonyesha kikombe cha filta, hakina tone la maji, petroli angavu tupu. Akawa anakichungulia kila baada ya dakika chache njia nzima mpaka tulipomkuta potwe.

MvuviWaMwarongo

Kaka, hiyo oringi ya mfuniko umeipata wapi? Yangu nimeitazama jioni hii, imepasuka.

MwanaKilindoni

Duka la vifaa vya boti, ila nenda na ile ya zamani mkononi uilinganishe unene, usitaje kipenyo tu. Sema wakupe ya kustahimili petroli. Ya bomba la maji itavimba baada ya wiki chache. Nunua mbili. Ya pili nimeifunga kwenye kamba ya ufunguo wa boti.